Feni Kunguruma si Hewa Kwenda

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni, na kama watoto wengine nilidhani inawahusu watu wenye maneno mengi tu. Ilinichukua miaka, pamoja na kosa moja ambalo mpaka leo linaniuma, kutambua kwamba inazihusu mashine vilevile. Katika kurasa hizi chache nataka kumsimulia msomaji kosa hilo, na pamoja nalo historia ya jambo ambalo wengi hatulifikirii: namna binadamu alivyojifunza kuipima hewa inayovuta vumbi mahali pa kazi. Msomaji asichoke mapema akidhani hili ni somo la mafundi peke yao. Kila avutaye pumzi linamhusu.

Mimi ni mtu wa Peramiho. Asiyepafahamu ajue kwamba ni mwendo wa kama kilomita 25 hivi kutoka Songea mjini, mahali ambapo Padre Cassian Spiss na watawa wenzake Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1898. Misheni hiyo ilichomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji, ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia. Kanisa kubwa la abasia lilijengwa katika miaka ya 1940. Kwa kuwa kanuni ya watawa hao ni sala na kazi, mabruda hawakuja na misale peke yake. Walikuja pia na randa, misumeno, nyundo za wahunzi na mitambo ya uchapaji. Hivyo ufundi uliingia katika nyumba nyingi za Ungoni kupitia karakana za misheni, na kutoka hapo ukaenea vijijini, fundi mmoja akimfundisha mwingine.

Marehemu baba alikuwa mmoja wa hao waliofundishwa na waliofundishwa. Alifanya kazi zake nyuma ya nyumba yetu, katika kibanda cha mabati, kwa mikono na kwa zana za mkono. Mabati yale yalikuwa na matundu ya misumari, na jua lilipopanda miale myembamba ilipenya humo ikashuka mpaka chini. Ndani ya kila mwale tuliona vumbi la mbao likielea, likipanda na kushuka polepole kama kumbikumbi wasiokuwa na haraka. Sisi watoto tulijaribu kulikamata kwa viganja. Ajabu yake ni kwamba nje ya mwale hatukuona kitu. Tulidhani vumbi limo ndani ya mwanga tu na kwingineko hewa ni safi. Baba naye hakuwa na hofu nalo. Alisema vumbi la mvule ni kali, humpigisha mtu chafya, lakini vumbi la mninga linanukia vizuri, na kitu kinachonukia hakiwezi kuwa kibaya. Jioni alikohoa kidogo, akatema mate, akanywa maji, basi.

Mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka 22, nilipata kazi katika karakana moja ya mbao, katika mji ambao sitautaja, mbali na kwetu. Ilikuwa karakana kubwa yenye misumeno ya duara, mashine za randa, na mashine ya msasa. Juu ya vichwa vyetu yalipita mabomba ya bati yaliyoungana kama matawi ya mti hata yakafika kwenye shina moja, na mwisho wa shina palikuwa na feni kubwa iliyofungiwa ndani ya gamba mfano wa konokono. Feni ile ilivuta hewa kutoka katika kila mashine, pamoja na maranda na vumbi, ikavipeleka nje kwenye mifuko ya kuchujia. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka baba na kibanda chake, nikasema kweli wenzetu wameendelea.

Kwenye ukuta, karibu na mashine ya msasa, palitundikwa ubao mdogo, na juu yake kioo chembamba kilichopindwa kama herufi U, kimejazwa maji mekundu hadi nusu. Mdomo mmoja wa kioo ulikuwa wazi. Mdomo wa pili uliunganishwa kwa mpira na tundu dogo lililotobolewa katika bomba la kuvuta vumbi, hatua chache kutoka mashine. Feni isipofanya kazi, maji yalisimama sawasawa pande zote mbili. Feni ikianza kuvuta, yalipanda upande wa bomba na kushuka upande ulio wazi. Tofauti ya pande hizo ilisomwa kwa milimita. Mtu fulani aliyetutangulia alikuwa amechora mstari wa kijani kwenye 40 na mstari mwekundu kwenye 30.

Kazi yangu, miongoni mwa nyingine nyingi za kijana mgeni, ilikuwa kukisoma kioo hicho kila siku saa moja na nusu asubuhi na kuandika tarakimu katika daftari lililoning'inia kwa kamba. Aliyenifundisha alikuwa mzee wa mashine ya msasa. Nilimwita baba mkubwa, ijapokuwa hatukuwa na undugu wa damu, kwani alikuwa rika la kaka yake baba na alinipokea kama mwanawe. Siku ya kwanza nilipomwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," aliitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akanishika mkono na kunipeleka mbele ya kile kioo. "Hiki ndicho kitakuambia kama tunapumua," alisema.

Wiki za mwanzo nilikisoma kwa makini. 40. 40. 39. 40. 40. Mwezi wa pili ukaisha, na wa tatu. Tarakimu ni zilezile. Msomaji nadhani ameshajua ninakokwenda. Asubuhi moja nilichelewa, nikaandika 40 bila kwenda kwenye kioo. Hakuna aliyeniuliza. Kesho yake sikuchelewa, lakini niliandika vilevile. Baadaye nikawa naandika Jumatatu tarakimu za juma zima, nikibadilisha moja moja ili zisifanane mno. Nilikuwa napata 39 na 41 kwa ustadi mkubwa.

Kisha mota ya feni ikaungua. Ikapelekwa kusukwa upya, ikarudishwa na kufungwa. Aliyeifunga alibadilisha nyaya mbili kati ya tatu, kosa dogo ambalo fundi yeyote anaweza kulifanya, na ambalo kazi yake ya kwanza baada ya kuwasha ingekuwa kulichunguza. Matokeo yake feni ilizunguka kinyume. Hapa ndipo penye siri ambayo sikuijua wakati ule. Mtu angedhani feni ikizunguka kinyume itapuliza kinyume, nasi tungefukuzwa na wingu la vumbi siku hiyohiyo. La hasha. Feni ya aina ile, yenye gamba la konokono, hata ikizunguka kinyume huendelea kuvuta upande uleule, ila kwa unyonge sana. Sauti yake ni ileile au inazidi. Kwa sikio, mambo yalikuwa barabara.

Tulifanya kazi hivyo kwa wiki tatu. Maranda mazito yakaanza kulala ndani ya mabomba badala ya kusafiri. Vumbi jepesi, lile laini kama unga wa muhogo ambalo mashine ya msasa hulitoa kwa wingi kuliko nyingine zote, likabaki na sisi. Baba mkubwa alikuwa akifuta nyusi zake mara nyingi zaidi, nami niliona, lakini sikufikiri. Siku moja tukasikia harufu ya kuungua. Bomba moja lilikuwa limejaa maranda karibu nusu, na cheche kutoka kwenye msumeno imeingia humo ikawa inafukuta. Kwa bahati tuliuzima moto kwa ndoo chache. Msimamizi akaenda moja kwa moja kwenye kioo. Maji yalikuwa kwenye 10. Akafungua daftari. Tarehe ya siku ile ilikuwa na 40, kwa mwandiko wangu mzuri.

Aliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeandika. Nilisema ni mimi. Nilikatwa mshahara wa siku kadhaa, na nilistahili zaidi ya hapo. Lakini adhabu hiyo siikumbuki sana. Ninachokumbuka ni jioni, baba mkubwa aliponikuta nimekaa peke yangu nje. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, macho yangu hayaoni tena mistari ya kile kioo. Mimi kila asubuhi nilikuwa nasoma daftari lako."

Sikuwa na la kujibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini binadamu huamini mlio kuliko kipimo. Baada ya kustaafu na kurudi Peramiho nilipata nafasi ya kusoma, na nikagundua kwamba swali hilo lina umri mkubwa. Naomba msomaji aniruhusu tusafiri kidogo mbali na Ungoni, kisha tutarudi.

Kwamba vumbi huua, watu walijua zamani. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu cha Mjerumani Georgius Agricola juu ya kazi za migodini. Ndani yake alieleza kwamba katika milima ya Karpati walikuwako wanawake walioolewa na waume saba kwa zamu, wote wakafa kwa vumbi la machimbo lililokula mapafu yao. Katika kitabu hichohicho alieleza kwa michoro vyombo vya kuingiza hewa mgodini: mivukuto mikubwa, na feni za mbao zilizozungushwa kwa mkono, kwa upepo au kwa nguvu za maji. Kwa hiyo dawa ilikuwa inajulikana nayo. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alitoa kitabu kizima kuhusu maradhi ya wafanyakazi, wakiwemo wasaga nafaka na wachonga mawe, akawasihi madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa swali moja la nyongeza: unafanya kazi gani?

Walijua ugonjwa, walijua na feni. Kilichokosekana ni namna ya kujua kama feni inafanya inachopaswa kufanya. Hewa haionekani. Tunaisikia tu, na tunachokisikia aghalabu ni chuma, si hewa.

Mwanzo wa jibu ulitoka kwenye maji. Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa, Henri Pitot, alichovya katika mto Seine, mjini Paris, bomba la kioo lililopindwa, mdomo wake ukiukabili mkondo. Maji yakapanda ndani ya kioo kwa kadiri ya kasi ya mto. Wakati ule wajuzi waliamini kwamba maji ya mto hukimbia zaidi kadiri unavyokwenda chini. Bomba la Pitot likaonyesha sivyo. Jambo hili linanifurahisha kila ninapolifikiri. Watu waliishi kando ya mto ule miaka mamia, wakaoga, wakavua, wakasafiri humo, na wote waliamini kitu kisicho kweli, mpaka mtu mmoja alipochovya kioo.

Bomba hilo, likiwa limeboreshwa, ndilo mafundi hulitumia mpaka leo kupima hewa ndani ya mabomba ya kuvuta vumbi, na ndege nazo hulitumia kupima kasi yake angani. Kanuni yake ni rahisi. Hewa inayokwenda ina msukumo, na msukumo huo unaweza kuyainua maji. Kwa vumbi la mbao, mafundi hutaka hewa ndani ya bomba iende kama mita 20 kwa sekunde, ili maranda yasilale njiani. Kasi hiyo, ambayo inakaribia mwendo wa basi kwenye barabara nzuri, huyainua maji milimita 24 hivi tu, kiasi cha upana wa kidole gumba. Ndiyo maana mtu asipotazama kwa makini hataona kitu.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningependa ningeijua nikiwa kijana. Kile kioo chetu cha ukutani hakikupima hewa yenyewe, kilipima mvuto wa hewa karibu na mashine. Mvuto na hewa haviendi sambamba. Mvuto ukishuka hadi nusu, hewa imebaki sehemu saba katika kumi. Mvuto ukishuka hadi robo, hewa imebaki nusu. Basi tulipokuta 10 badala ya 40, maana yake hewa iliyokuwa ikilinda kifua cha baba mkubwa ilikuwa nusu tu ya ile iliyokusudiwa, na kasi ndani ya bomba ilikuwa haitoshi kubeba maranda. Tarakimu ile moja ingetuambia yote hayo asubuhi ya kwanza.

Hata hivyo nisimdanganye msomaji kwamba kioo hakikosei kamwe. Kama bomba limezibwa mbele ya tundu la kipimo, upande wa mashine, maji hupanda badala ya kushuka, kwa kuwa feni inavuta lakini hewa haina pa kuingilia. Mtu asiyejua atafurahi kuona tarakimu kubwa, kumbe kinywa cha mashine kimekabwa. Kwa hiyo fundi mwangalifu huogopa tarakimu iliyopanda kama anavyoogopa iliyoshuka. Kioo ni shahidi mmoja. Shahidi mmoja husikilizwa, lakini haifai kufunga kesi kwa neno lake peke yake. Ndiyo maana mara kwa mara lazima aje mtu na bomba la Pitot, apime kasi katika sehemu kadhaa za bomba, kisha alinganishe na ilivyokuwa mtambo ulipokuwa mpya.

Waliojifunza mapema kuandika vipimo vya hewa ni watu wa migodi ya makaa ya mawe, kwani huko hewa ikikosekana watu hufa kwa mamia siku moja. Mwaka 1842 Mwingereza Benjamin Biram alipata hataza ya kipimo chenye vipanga vidogo vinavyozungushwa na hewa, kikahesabu mizunguko kwa mshale. Hatimaye sheria ikaingilia kati: Sheria ya Migodi ya Makaa ya Mawe ya Uingereza ya mwaka 1911 ilitaka hewa ya mgodini ipimwe na matokeo yaandikwe katika daftari. Nilipolisoma neno hilo, daftari, niliyafumba macho. Nilidhani daftari letu lilikuwa wazo la msimamizi wetu tu. Kumbe nyuma yake walikuwa wamelala wachimbaji wasio na idadi.

Na ile miale ya jua katika kibanda cha baba? Nayo ina historia yake. Mwaka 1870, katika taasisi moja ya sayansi mjini London, mwanasayansi John Tyndall aliwaonyesha wasikilizaji wake mwale mkali wa taa ukipita katika chumba chenye giza. Hewa waliyodhani ni safi ikaonekana imejaa vumbi. Mpaka leo wakaguzi hutumia taa ya namna hiyo kufichua vumbi jembamba linaloponyoka kwenye mashine. Tulichokiona sisi watoto kilikuwa kweli, ila tulikielewa kinyume. Vumbi halikuwa ndani ya mwanga tu. Lilikuwa kila mahali, na mwanga ulituonyesha sehemu yake ndogo.

Baba, Mungu amrehemu, alikosea pia kuhusu harufu nzuri. Katika miaka ya 1960, huko High Wycombe, mji wa Uingereza uliosifika kwa kutengeneza viti, daktari wa pua na koo aitwaye Esmé Hadfield aliona saratani ya pua ya aina adimu sana ikiwapata watengenezaji wa samani mara nyingi kuliko watu wengine. Yeye na wenzake wakachunguza, na mwaka 1968 wakachapisha matokeo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu. Zaidi ya hayo vumbi hilo huleta pumu, mafua yasiyokwisha na kifua cha kubana. Uingereza, kwa kanuni zake za mwaka 1988, ilikwisha kuagiza kwamba mtambo wa kuvuta vumbi uchunguzwe na kupimwa angalau mara moja katika miezi 14, na taarifa zake zihifadhiwe.

Turudi nyumbani. Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Viwanda tangu mwaka 1950, iliyofuata kwa sehemu kubwa mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1937. Baada ya miaka 50 hivi, Tanzania iliunda Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2001, na mwaka 2003 Bunge likatunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika karakana ndogo za mbao jijini Dar es Salaam, ukaonyesha kwamba mafundi wa mbao walikuwa na matatizo ya kifua na pua zaidi ya watu wasiofanya kazi hiyo. Kwa seremala wa nchi hii hiyo haikuwa habari mpya. Upya wake ni kwamba sasa iliandikwa.

Hata hivyo bado tuna mapokeo yetu. Katika sehemu nyingi za kazi nilizopita, wafanyakazi wa vumbi walipewa maziwa, kwa imani kwamba maziwa huosha kifua. Nilikunywa mengi na nilishukuru, kwani njaa ilikuwepo. Lakini maziwa huenda tumboni na vumbi huenda mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Maziwa yale yalifanya kazi moja tu ya hakika: yalitutuliza. Feni iliyozunguka kinyume ilifanya kazi hiyohiyo. Na tarakimu zangu za uongo zilifanya kazi hiyohiyo. Mtu asiye na kinga hujihadhari, akafunga kitambaa puani, akatoka nje kupumua. Mtu aliyeambiwa amekingwa huinama juu ya kazi yake na kuvuta pumzi kwa amani.

Baba mkubwa aliacha kazi mwaka 1988 kwa sababu ya kifua, akarudi kwao. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sitasema ni zile wiki tatu zilizomuua. Alikuwa amefanya kazi ya mbao miaka 30, mingi kati ya hiyo bila feni ya aina yoyote, na alivuta sigara pia. Wiki tatu si kitu mbele ya miaka 30. Hivyo ndivyo ninavyojifariji. Lakini kila nikifika hapo nakumbuka kwamba katika miaka yote hiyo, wiki tatu ndizo pekee ambazo mtu aliyemwita baba mkubwa alimwandikia kwamba anapumua hewa safi.

Siku hizi Peramiho na Songea zina vijana wengi waseremala. Mashine zao ni za umeme, nyingi zimeundwa na mafundi wa hapahapa, na kazi zao ni nzuri. Wengi hufanyia kazi nje, chini ya mti au kando ya barabara, na upepo ndio feni yao. Wachache wamejifunga feni na mifuko ya kuchujia. Ninapopita husimama kuwaamkia, na mara nyingine huuliza, "Wanangu, mnajuaje kama inavuta?" Jibu huwa moja. "Si unaisikia, mzee?"

Mwaka jana nilimwendea mmoja wao na kipande cha ule mpira mweupe ambao waashi huutumia kupimia usawa wa msingi. Kila fundi mwashi anao, bei yake ni ndogo. Tuliukunja kama herufi U, tukaufunga kwenye ubao, tukatia maji yenye rangi, tukatoboa tundu dogo katika bomba lake, laini, bila kingo za kukwaruza ndani, tukaunganisha. Kwanza tulisafisha mabomba na mifuko, tukahakikisha feni inazunguka upande wake, na tukajaribu kwa moshi wa udi mbele ya mashine kuona kama unavutwa wote. Ndipo tulipochora mstari pale maji yalipofika. Kisha nikamwomba aachie maranda yajae kidogo kwenye mfuko, tukatazama pamoja. Maji yalishuka chini ya mstari, polepole. Feni ilinguruma vilevile. Kijana alitazama maji, akatazama feni, akatazama tena maji. Hakusema neno, akaenda kukung'uta mfuko.

Nilimpa na daftari. Nilimwambia sharti ni moja tu: siku ambayo hukutazama, usiandike kitu. Acha mstari mtupu. Mstari mtupu hausemi uongo, na atakayekuja nyuma yako atajua kwamba siku hiyo ajihadhari mwenyewe.

Juzi nilipita, naye hayupo. Nililifunua lile daftari. Palikuwa na tarakimu za siku nne, kisha nafasi tupu, kisha tarakimu tena. Ile nafasi tupu ilinipa furaha kuliko tarakimu zote.